Tuwekewe mizani ya umma gulioni Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vipimo vinavyotumika katika gulio letu la kila wiki hapa Tanga, ambalo mimi na jirani zangu hatulikosi, kwa kuwa ndiko machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, nazi za Pangani na dagaa hukutana kwenye uwanja mmoja.

Sina ugomvi na fungu. Nyanya tano zilizopangwa juu ya gunia naziona, nazigeuza, na mama muuzaji akipenda huniongeza ya sita. Kilio changu ni kopo. Wiki iliyopita nilinunua makopo manne ya maharage, ambayo kwa hesabu ya gulioni ni kilo mbili, na kijana alipolipindua la mwisho ndipo nilipoona kitako kimegongwa kwa nje hata kikatuna ndani kama mgongo wa kobe, ilhali juu maharage yalikuwa yamerundikwa kwa ukarimu mkubwa. Mizani ya dukani ilisoma kilo moja na nusu.

Mkulima naye hupunjwa kwa upande wa pili. Huko shambani gunia hushonewa kichwa likawa lumbesa, naye hulipwa gunia moja tu, ingawa taratibu za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hivyo anayelima hupoteza kwa kipimo kilichozidi, na anayekula kwa kilichopungua.

Kipimo cha haki si jambo geni pwani; wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na hata leo zaka ya fitri tunaihesabu kwa pishi. Naiomba halmashauri ya jiji, ikishirikiana na Wakala wa Vipimo, iweke mizani moja iliyohakikiwa penye njia ya kutokea, ili mnunuzi apime mzigo wake bila malipo kabla hajaondoka. Siombi mgambo wa kuwanyang'anya akina mama makopo yao, maana wengi hawamudu kununua mizani na makopo yao ni mazima. Mama ninayenunua kwake mchele hulipindua kopo lake na kunionyesha kitako kabla hajapima, na nilipomweleza wazo hili alisema yeye atakuwa wa kwanza kuwapeleka wateja wake kwenye mizani hiyo.

Msomaji wako,
Tanga