Risala ya Klabu ya Mimea Dawa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maabara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Klabu yetu ilianza na wanachama saba na tuta moja la mnanaa wa pepaminti. Historia yake ni ndefu, ila muda wako ni mali, hivyo tunaishia hapo.

Mafanikio ni lukuki. Majani tunayakausha kivulini, maana juani mafuta huruka, kisha tunayasaga, tunayaloweka kwenye ethanoli na kuchuja, tukapata dondoo. Tumedondoshea kloridi ya chuma, rangi ikageuka kijani iliyokoza, dalili ya fenoli, kundi la kemikali za mimea. Harufu ya mentholi haikuhitaji hata kipimo. Inafika ukumbini hapa. Kwa ufupi, Mheshimiwa, utafiti wetu umeshika kasi ya kutisha.

Kilichobaki ndicho kazi yenyewe: kupima kama dondoo hili linazuia bakteria. Bakteria hupakwa kwenye sahani yenye agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea, juu yake tunaweka vipande vya karatasi vya mviringo: kimoja chenye dondoo, kimoja kilicholoweshwa ethanoli tupu kikakaushwa, kimoja cha antibiotiki. Sahani hulala kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20, ndipo tunapima kwa milimita upana wa eneo ambalo bakteria hawakuota. Sasa joto likiyumba, bakteria huota kwa kusuasua, na duara hupanuka lenyewe. Dawa itaonekana kali, kumbe sahani ilipigwa na baridi!

Inkubeta yetu, yaani kifaa cha kuzitunza sahani kwenye joto moja, ni boksi la mbao lenye balbu. Dondoo lile lile lilitupa milimita 9 wiki moja, na 15 wiki iliyofuata. Tulishangilia kabla hatujakumbuka kwamba usiku ule balbu iliungua.

Mheshimiwa, hatumlaumu mtu. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliguswa mno na ombi hili, akapima kwa mkono wake meza ambayo inkubeta ingekaa. Meza tumeitunza, haruhusiwi mtu kuweka hata daftari juu yake. Wa mwaka jana aliahidi kwamba mwezi hautakwisha, nasi kwa adabu hatukumuuliza mwezi upi. Wote tuliwapigia makofi, na wewe pia tutakupigia.

Tunaomba inkubeta moja yenye kidhibiti joto. Si lazima iwe mpya. Iliyotumika, ikishika nyuzi 35 mpaka asubuhi, tutaipokea kwa vigelegele. Mizani na vioo tutavumilia, hayo tutayasema mwaka mwingine.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu mkubwa, utakachotuahidi ukiandike kwenye kitabu cha wageni pamoja na tarehe. Kalamu anayo katibu, amesimama nyuma yako.

Tunaomba kuwasilisha.