Dubu wa Montana na mapipa yetu ya taka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Missoula, Montana, hasa familia zilizotoka Kongo na kupitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa huku. Septemba imefika, matufaha yameiva, na dubu wanashuka mitaani usiku.

Juzi dubu mweusi alipindua pipa la taka la jengo letu. Watoto walimchungulia dirishani wakifurahi. Mimi roho iliniuma, maana dubu akishaonja makombo ya watu hasahau mahali alipoyapata. Atarudi, na siku akianza kuvunja milango, maofisa wa wanyamapori watamtega na huenda wakamuua. Kumhamishia msitu wa mbali hakuaminiki: wengi hurudi, au hupeleka tabia ileile kwa watu wengine. Akiwa mama, watoto wake nao wameshajifunza.

Nasema haya kwa sababu mjadala mkubwa hapa ni wa sheria na bunduki: dubu walindwe au wawindwe. Dubu aina ya grizli, wakubwa kuliko dubu weusi, walikuwa kama 50,000 magharibi mwa Marekani kabla walowezi hawajawamaliza. Walipowekewa ulinzi wa sheria ya taifa mwaka 1975 walibaki chini ya 1,000. Leo, ukiacha Alaska, ni kama 2,000 au zaidi. Wale wa eneo la Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyo mpakani mwa Montana na Wyoming, waliondolewa ulinzi 2007, wakarudishiwa 2009; wakaondolewa tena 2017, na jaji wa mahakama ya hapahapa Missoula akaurudisha 2018. Januari 2025 serikali kuu ilikataa maombi ya Montana na Wyoming ya kuuondoa. Mvutano huu hautaisha kesho, na kwa vyovyote utakavyoisha, pipa lililo wazi litaendelea kumwita dubu.

Simbezi mfugaji aliyekuta ndama wake ameraruliwa. Wengi wetu tumewahi kulala shambani kulinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe pori, tunajua uchungu wa jasho kupotea usiku mmoja. Jimbo hulipa fidia ya mnyama aliyethibitishwa kuuawa na grizli, lakini uthibitisho si rahisi mzoga ukishabaki mifupa. Ninachokipenda ni kazi ya bonde la Blackfoot, mashariki ya hapa. Wafugaji wa kule huondoa mizoga mapema kabla harufu haijawavuta dubu, huzungushia waya wa umeme mazizi ya ng'ombe wanaozaa na mizinga ya nyuki, na huweka watu wa kupanda farasi wakizungukia makundi malishoni. Kazi hiyo ina gharama. Taifa zima likitaka grizli waishi, mfugaji asiachiwe mzigo huo peke yake.

Na mpangaji vilevile. Mji una kanuni ya mapipa ambayo dubu hawezi kuyafungua, lakini mwenye jengo letu anasema pipa la namna hiyo ni juu ya wapangaji, na tangazo alilobandika ni la Kiingereza kitupu. Mama mwenye watoto sita, aliyefika huku mwezi jana, atalisomaje? Wenye nyumba wanunue mapipa, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili pia.

Lakini yapo ambayo hayahitaji mwenye nyumba. Pipa litolewe asubuhi ya siku ya gari la taka, si usiku wake. Chakula cha kuku na cha mbwa kiingizwe ndani. Tukipanda mlimani mwezi wa Agosti kuchuma matunda ya huckleberry, tukumbuke ni chakula cha dubu pia: twende kundi, tuongee kwa sauti, na kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu akishambulia liwe kiunoni, si ndani ya mkoba. Ukimwona dubu usikimbie. Rudi nyuma polepole, ukimwacha na njia yake.

Jumamosi saa nne asubuhi nitachuma matufaha ya bibi jirani yangu, mwenye miti mitatu na magoti yasiyomruhusu kupanda ngazi. Aliye na ngazi ndefu aje nayo. Matufaha tutagawana.

Msomaji wako,
Missoula, Montana