Elizabeth line: jua mlango wa kutokea

Mhariri,

Wasomaji wenu wanaotua Heathrow siku hizi huelekezwa kupanda Elizabeth line, reli iliyofunguliwa Mei 2022 kuvuka London kutoka magharibi hadi mashariki. Ushauri mzuri, ingawa nauli yake hadi katikati ya jiji inaizidi ile ya Piccadilly, njia ya treni za chini ya ardhi inayofika Heathrow pia.

Lisilosemwa ni urefu wa treni zake. Treni ina mabehewa tisa, kama mita 200 hivi. Pale kituo cha Liverpool Street ncha moja ya jukwaa inakutoa kituo kingine, Moorgate. Kituo cha Farringdon nacho, ncha moja inakutoa kituo cha Barbican. Ukikaa behewa lisilo lako, utaburuta sanduku mtaa mzima chini kwa chini. Wageni hurundikana kwenye milango iliyo karibu na ngazi za umeme, huku mabehewa ya mwisho yakiwa na nafasi. Wazoefu hujipanga tangu wanapopanda, kulingana na watakakoshukia.

Halafu wazee wetu waambiwe mapema: treni hizo hazina choo, hata kwa anayetoka Reading, mji ulio magharibi nje ya London, na huko ni mbali.

Msomaji wenu,
London