Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo na Vyeti vya Waendesha Misumeno ya Mnyororo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ninawasilisha kwenu taarifa ya chama chetu cha wavunaji wa miti wilayani Mufindi kwa mwaka tunaoumaliza. Habari za ada, ofisi na mahesabu zimo katika taarifa ya mtunza hazina mliyokwisha kugawiwa, nami sitazirudia. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo ambalo kamati imelijadili karibu katika kila kikao: ni nani anayeruhusiwa kushika chensoo, yaani msumeno wa mnyororo, katika eneo la mwanachama wetu, na ana uthibitisho gani kwamba kazi hiyo anaiweza.

Mnafahamu utaratibu wa uvunaji katika Shamba la Miti Sao Hill na katika mashamba ya wananchi yanayolizunguka. Mfanyabiashara wa mazao ya misitu husajiliwa, huomba mgao, hulipia, hupewa kibali na Wakala wa Huduma za Misitu, na mzigo wake hausogei barabarani bila hati ya kusafirishia. Gogo, kwa hiyo, lina karatasi zake zote. Opereta aliyeliangusha, ambaye mara nyingi ni kijana wa kibarua anayelipwa kwa ujazo na aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake, katika maeneo mengi tuliyoyatembelea hajawahi kuulizwa cheti na mtu yeyote, na sisi wenye vibali ndio tuliopaswa kumuuliza kwanza.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake kwa mafunzo, usimamizi na vifaa kinga, na mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama katika kazi za misitu, uliotolewa mwaka 1998, unapendekeza waziwazi kwamba wafanyakazi wa misitu wawe na vyeti vya ujuzi. Wenye mashamba wanaotaka ithibati ya FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, nao hudaiwa kuonyesha kwamba kila mfanyakazi amefundishwa kazi anayoifanya. Mwanachama anayedhani kwamba suala hili ni la wazungu na miradi yao ajue kwamba linamhusu yeye mwenyewe, siku atakapoitwa kueleza kwa nini alimkabidhi mtu asiyefundishwa mashine inayokata paja kwa kufumba na kufumbua.

Kamati ilikwenda kushuhudia mafunzo ya vitendo, na yale tuliyoyaona yalitosha kututhibitishia kwamba uzoefu peke yake hautoshi. Kabla ya kuwasha mashine, mwanafunzi alitakiwa kuuzunguka mti, kutazama mlalo wake, upepo na matawi makavu ya juu, kisha kusafisha njia ya kukimbilia inayorudi nyuma kwa mshazari. Watu wengine wote waliondolewa hadi umbali wa urefu wa miti miwili, maana yake ni kwamba kwa msindano wa mita 25 hakuna anayesimama ndani ya mita 50. Mti ulipoanguka, mkufunzi hakuutazama. Alipiga magoti kwenye kisiki na kupima kwa rula ile sehemu isiyokatwa inayoachwa kati ya mdomo wa mbele, yaani pengo linalokatwa upande mti unakotakiwa kuangukia, na mkato wa nyuma, ambayo huitwa bawaba. Bawaba hiyo, inayotakiwa kuwa takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo, ndiyo inayouongoza mti. Ikikatwa yote, mti huanguka unakotaka wenyewe. Waliokata kwa miaka mingi wakabaki wanatazama visiki vyao kimya.

Ajali tulizoletewa nyingi zinatokana na mti ulionasa juu ya mwenzake. Opereta anayelipwa kwa ujazo haoni sababu ya kusubiri, hivyo hupita chini yake au huukata ule uliouzuia, na vitendo vyote viwili ni marufuku popote panapofundishwa kazi hii. Ninasema kwa uchungu kwamba malipo yetu ndiyo yanayomharakisha.

Kuhusu mahali pa kusomea, kipo kituo cha mafunzo ya misitu hapa Mafinga, na Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo Moshi. Kwa maopereta wenye umri mkubwa, ambao hawawezi kuacha familia na kukaa darasani, tumeiandikia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuomba kazi ya kuangusha miti iingizwe katika urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kama ilivyofanyika kwa waashi na maseremala. Majibu bado tunayasubiri.

Kamati inapendekeza kwamba, kuanzia msimu ujao wa uvunaji, mwanachama asiingize porini opereta asiye na cheti, wala msaidizi asiyejua huduma ya kwanza ya kuzuia damu, kwa kuwa kutoka vitalu vya mbali hadi hospitali ya Mafinga wakati wa mvua ni mwendo mrefu. Gharama za mafunzo, kofia, suruali ya nyuzi zinazousonga mnyororo na buti zibebwe na mwenye kibali, na zisikatwe kwenye ujira. Wapo waliotaka gharama zigawanywe nusu kwa nusu. Kamati imekataa, kwa sababu kibarua anayekatwa ujira ataikwepa suruali hiyo na kuvaa suruali yake ya zamani ya jinzi.

Pendekezo hili ni ajenda ya nne leo na litapigiwa kura ya siri. Fomu za kuwaandikisha maopereta zipo kwa katibu, na mwanachama anaweza kuwaandikisha hata kabla ya kura.

Mwenyekiti