Mwanangu, nani atashika fedha?

Daly City, California
24 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Tangazo la tamasha lenu la Chicago, la kuwachangia waathirika wa kimbunga kisiwani Catanduanes, Ufilipino, limetufikia, na Nanay, mama yako, amelibandika kwenye mlango wa jokofu, juu ya ratiba yake ya zamu. Nililisoma kwa furaha kubwa, kwa kuwa jina lako limeandikwa kama mtunzi wa nyimbo na si mwimbaji tu, na nikaona kwamba binamu zako wa Chicago watapiga pamoja nawe. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho, ule unaowaomba watu watume michango moja kwa moja kwenye akaunti yako ya Zelle, ile ya kutumiana fedha kwa simu, na tangu hapo sijatulia. Ninakuuliza swali ambalo nitalirudia katika barua hii, na ninaomba usichoke nalo: nani atashika fedha?

Ninajua utakavyonijibu. Utasema kwamba ninyi ni familia, mnaaminiana, na kwamba hakuna aliyewahi kuitilia shaka familia yetu kwa miaka yote hii ya kupiga muziki katika kumbi za parokia. Hilo ni kweli, na ndilo hasa linalonitia hofu. Jukwaani, familia ni nguvu yetu. Watu hufurahi kumwona baba akishika gitaa, mama akishika bandurria, ala ya nyuzi kama gitaa dogo, na watoto wakiimba beti ambazo zilitungwa kwenye meza ya jikoni. Lakini penye sanduku la michango familia hiyohiyo ni udhaifu, kwa sababu hesabu ikiulizwa, hapatakuwa na mtu wa nje wa kusimama na kusema kwamba alikuwapo na alizishuhudia fedha zikihesabiwa. Sina haja ya kukueleza jinsi tulivyokuwa tukifanya hapa, maana uliyaona yote kwa macho yako. Ninakuomba tu ufanye vivyo hivyo huko: watafuteni watu wawili wasio wa ukoo wetu, waaminifu na wanaoheshimika parokiani, waketi mlangoni na sanduku lenye kufuli, wahesabu mbele ya watu, na kiasi kitangazwe kwenye kipaza sauti kabla wimbo wa mwisho haujaimbwa na kabla mtu yeyote hajachukua koti lake.

Unanijua kuwa mimi si mwepesi wa kumdhania mtu mabaya. Baada ya kimbunga Yolanda kuipiga Tacloban, kisiwani Leyte, tarehe 8 Novemba 2013, na habari zikaendelea kuja hadi idadi ya waliokufa ikapita 6,000, hapakuwa na ukumbi wa Wafilipino katika eneo hili ambao haukuchangisha kitu. Mwanamuziki mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina nawe ulikuwa mdogo mno kumfahamu vizuri, aliipokea michango katika akaunti yake binafsi kwa nia njema kabisa. Hata leo siamini kwamba aliiba. Alichanganya tu. Kodi ya nyumba ilikatwa humo, deni la gari likakatwa humo, na alipoulizwa kilichobaki hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye hakuwa na daftari. Fedha zilifika Leyte zikiwa pungufu, na mtu yule, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko yangu, hakualikwa tena kuimba mahali popote. Sisi wenyewe pia tuliwahi kuwa na mwaka ambao hesabu haikukaa sawa, na Nanay anajua bangili yake ilikwenda wapi ili ikae sawa. Ukitaka kujua hayo, muulize yeye.

Kwa hiyo, nani atashika fedha? Isiwe akaunti yako. Muombe paroko akubali michango ipitie kwenye akaunti ya parokia, na risiti zitoke huko. Faida yake haiishii kwenye usalama peke yake: mchango unaotolewa kwa kanisa au shirika la hisani linalotambuliwa unaweza kuondolewa kwenye mapato ya mtoaji yanayotozwa kodi, na anayetoa dola 250 au zaidi anahitaji barua ya uthibitisho kutoka kwa mpokeaji, barua ambayo wewe, kama mtu binafsi, huwezi kumwandikia. Wazee wetu huuliza mambo haya. Hawaulizi kwa ubahili, bali kwa sababu wanajaza fomu zao wenyewe kila mwaka na wanaogopa kukosea.

Sasa nije kwa Lola, bibi yako, na hapa ninaomba unisome polepole. Ninafahamu kwamba wazo la tamasha hili lilianza ulipoiona picha ya nyumba yake baada ya kimbunga Pepito kuingia Panganiban, kule Catanduanes, usiku wa tarehe 16 mwezi huu, kwa upepo wa kilomita 195 kwa saa, wakati watu walikuwa bado hawajamaliza kukausha magodoro yaliyoloweshwa na dhoruba za Oktoba. Nililia nilipoiona picha ile, ingawa sikukwambia katika simu. Lakini tangazo lenu linasema kwamba michango ni kwa ajili ya waathirika wa Catanduanes, na Lola ni mwathirika wa Catanduanes, na kwenye simu ulisema kwamba paa la Lola litaezekwa kwanza. Mwanangu, paa la Lola lisitoke kwenye sanduku lile, hata bati moja, hata msumari. Anastahili kama jirani zake wanavyostahili, silipingi hilo. Ila yeye ana mkwe anayefanya kazi Marekani, ana binti muuguzi, na ana wajukuu wanaoweza kujinyima. Nanay na mimi tumeshatenga fedha za mabati yake, na dada zake Nanay wameahidi mbao na ujira wa fundi. Mchango wako kwa Lola uutoe katika mshahara wako, na uutume kwa njia yake, siku yake, na risiti yake. Mambo haya mawili yasikutane.

Fikiria pia jinsi jirani zake wanavyoishi. Wengi wao wanategemea abaka, na mgomba wa abaka ukiangushwa na upepo hauinuliwi tena. Chipukizi litakalopandwa sasa litachukua mwaka mmoja na nusu au miwili kabla halijatoa nyuzi za kuuzwa. Kwa hiyo si familia za kupewa mfuko wa mchele na kupigwa picha. Zinahitaji kitu cha kuvuka nacho misimu kadhaa, na fedha zenu, hata zikiwa kidogo, zitagawanywa na mtu ambaye atabaki pale baada ya wewe kuondoka. Zungumzeni na parokia ya huko na viongozi wa barangay, yaani wa mtaa, kwa pamoja, orodha ya majina ibandikwe ukutani ili kila mtu aisome, na jina la Lola lisiwemo. Yeye mwenyewe ameniambia hivyo, tena kabla sijamuuliza. Ninakuandikia ili ujue kwamba haya hayatoki kwangu peke yangu.

Halafu kuna hili la kusafiri Januari ukiwa na fedha mkononi. Ninajivunia kwamba unataka kwenda mwenyewe badala ya kutuma salamu tu, na Nanay anajivunia zaidi yangu, ila usibebe fedha za watu kwenye mkoba. Ukizidisha dola 10,000 ni lazima uzitangaze unapotoka Marekani na uzitangaze tena unapoingia Ufilipino, na zikiwa chini ya hapo bado ni wewe peke yako, katika basi la usiku na katika kivuko cha kwenda Virac, ukiwa na kitu ambacho si chako. Zitangulie kwa benki, kutoka parokia kwenda parokia. Wewe uende na gitaa lako na dawa za Lola.

Umeniuliza kama mnaruhusiwa kuimba nyimbo za watunzi wengine bila kulipia leseni. Jibu limo katika sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 110, na nimekisoma mara nyingi kwa sababu kinanihusu pande zote mbili, kama mpigaji na kama mtunzi. Mnaruhusiwa kuimba, hata mkitoza kiingilio, ikiwa hakuna mpigaji, mwandalizi wala mtangazaji wa tamasha anayelipwa, na ikiwa mapato yote, baada ya kutoa gharama za kawaida za maandalizi, yanakwenda kwenye hisani, elimu au dini peke yake. Mwenye wimbo naye ana haki ya kupinga kwa maandishi angalau siku saba kabla. Kodi ya ukumbi na kukodi spika ni gharama. Bahasha ya shukrani kwa mpiga ngoma ni malipo, na ukiitoa umeivunja ruhusa yote. Ruhusa hiyo pia ni ya ukumbini tu. Haihusu kurusha tamasha moja kwa moja mtandaoni, kwa hiyo mkitaka kurusha, rusheni sehemu ya nyimbo zako na zangu, ambazo ninakupa ruhusa hapa kwa maandishi, na mzime kamera wakati wa nyimbo za wengine. Unaona kwamba hata hapa jambo ni lilelile: sheria yenyewe inataka kujua fedha zimekwenda wapi.

Kuhusu nyimbo zako mwenyewe, nimeusikiliza ule wa wauguzi wa zamu ya usiku, na nimeurudia garini hadi ndugu yako akanilalamikia. Kiitikio chake ni bora kuliko chochote nilichowahi kukitunga mimi, na sisemi hivyo kwa sababu wewe ni binti yangu. Hata hivyo, sikupenda kwamba uliubadilisha ubeti wa tatu wa wimbo wangu wa Leyte bila kuniuliza. Ubeti mpya ni mzuri, na ninadhani tutaendelea kuuimba hivyo, lakini ungeniuliza.

Wimbo wako wa wauguzi umenifanya nifikirie ni akina nani watakaojaza ukumbi wenu. Ni walewale. Mwaka 2020 chama cha kitaifa cha wauguzi kilipotoa hesabu yake, Wafilipino walikuwa karibu 4 tu katika kila wauguzi 100 wa nchi hii, lakini karibu theluthi moja ya wauguzi waliokuwa wamekufa kwa korona walikuwa wetu. Nanay alirudi nyumbani wakati ule akivulia nguo zake gereji, nawe unajua. Dola 20 zitakazowekwa kwenye sanduku lako zitakuwa zimetoka kwa mtu aliyezipata akiwageuza wagonjwa usiku kucha, ambaye tayari anatuma fedha nyumbani kila mwezi, ambaye ana paa lake la kuezeka huko Bicol au Samar, na bado ataliangalia sanduku na kufungua mkoba. Mtu huyo ana haki ya kusikia jumla ikitangazwa kabla hajaingia kwenye gari lake.

Hapa nyumbani tunaendelea. Goti la Nanay linamsumbua akipanda ngazi, na amekataa kupunguza zamu hadi baada ya Krismasi. Ndugu yako amepita mtihani wa udereva, na sasa anajitolea kwenda dukani kununua kitu chochote ambacho hakuna aliyekihitaji. Sanduku la balikbayan, lile la zawadi za kutuma Ufilipino, limekaa sebuleni bila kufungwa tangu mwezi uliopita. Tulikuwa tumelijaza chokoleti na viatu, lakini Nanay ameyatoa yote hayo na kuweka maturubai, tochi, betri, nyama ya kopo na sabuni, na kampuni ya usafirishaji inatuambia kwamba kwa meli halitafika kabla ya Januari. Huenda ukafika wewe kabla yake. Gari letu kubwa lina sauti mpya upande wa gurudumu la kushoto, ndiyo maana hatutakuja Chicago kwa barabara kama nilivyotaka.

Tutakuja kwa ndege Ijumaa, tarehe 13 Desemba, ili tupate nafasi ya kufanya mazoezi Jumamosi asubuhi kabla ya tamasha, na tutarudi Jumapili kwa sababu nimeahidi kuongoza nyimbo kwenye Simbang Gabi, misa zetu za siku tisa kabla ya Krismasi. Nanay ataibeba bandurria mkononi, na anaomba mmwekee kiti kisicho na mikono. Nyuzi zake 14 zitahitaji kutulia kwenye joto la ukumbi angalau saa moja kabla ya kulinganishwa sauti, kwa kuwa baridi ya huko itazilegeza na kuzikaza itakavyo. Ndugu yako atapiga besi. Mwombe binamu yako amletee amplifaya. Tafadhali usiwaambie watu kwamba nitaimba peke yangu. Nitapiga gitaa na kuitikia, maana tamasha ni lako.

Badilisha ule mstari wa mwisho wa tangazo leo, kabla halijasambaa zaidi, na wale ambao wameshatuma kitu kwenye akaunti yako uwaandikie mmoja mmoja ukiwaeleza kwamba michango yao inahamishiwa parokiani, kisha uihamishe yote siku hiyohiyo na kuhifadhi karatasi. Nitumie majina ya wale watu wawili wa mlangoni. Nikishayapata, nitaacha kukuuliza. Nanay anauliza kama bado una lile koti zito, au alete jingine.

Nakupenda,

Tatay