Barua ya Wazi kwa Waziri wa Turathi: Veranda ya Norfolk na Watu wa Machi 1922

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia utamaduni na turathi za taifa,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: OMBI LA ALAMA YA KUMBUKUMBU MBELE YA HOTELI YA NORFOLK, BARABARA YA HARRY THUKU

Nakuandikia hadharani, kwa heshima zote, kuhusu jengo ambalo wageni wengi wa nchi hii hulijua kabla hawajaijua nchi yenyewe. Nilifundisha historia katika shule za upili kwa miaka mingi, na kila nilipowaleta wanafunzi mjini kutazama michezo katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, hakukosekana mmoja wa kuuliza lile jengo jeupe lenye mbao nyeusi ng'ambo ya barabara ni la nani. Nilipojibu kwamba ni hoteli, mwingine aliuliza kwa nini barabara yenyewe inaitwa Harry Thuku. Maswali hayo mawili yana jibu moja, Mheshimiwa, na kwa miaka yote hiyo nililazimika kulitoa kwa mdomo tu, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kuwaonyesha kwa kidole.

Hoteli ya Norfolk ilifungua milango yake siku ya Krismasi ya mwaka 1904. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwezi Mei 1899, kwa hiyo mji ulikuwa na umri wa miaka mitano na miezi kadhaa tu, na sehemu kubwa ya mji huo ilikuwa mahema, mabanda ya mabati na matope ya kinamasi. Katika mandhari hiyo wafanyabiashara wawili, Meja Ringer na Bwana Winearls, walisimamisha nyumba ya mawe yenye paa la vigae, na walowezi waliokuwa wakija kutafuta ardhi wakaigeuza kuwa makao yao ya kwanza mjini. Waliokuwa na vyeo vya ukoo miongoni mwao walikuwa wengi kiasi kwamba hoteli ilitaniwa kwa jina la Baraza la Malodi, kama lile la bunge la London. Utani huo nitaurudia baadaye, kwa sababu neno baraza lina uzito kwetu kuliko walivyojua waliotania.

Sura ambayo wapita njia wanaijua leo ni ya mtindo wa Tudor, yaani mtindo unaoitwa kwa jina la ukoo uliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603: vipembe vya paa vinavyotazama barabara, kuta nyeupe, na mbao nyeusi zilizopangwa juu ya kuta hizo kwa mistari iliyonyooka na mingine ya mshazari. Katika Uingereza ya karne ile, mbao hizo zilikuwa ndizo nyumba yenyewe. Fundi alisimamisha kiunzi cha mwaloni, akasuka fito katikati ya nguzo, kisha akakandika udongo uliochanganywa na majani makavu, ufundi ambao mjenzi yeyote wa nyumba za udongo wa Murang'a au Kilifi angeuelewa bila mkalimani. Mtindo huo ulipofufuliwa katika karne ya 19 na kusafirishwa hadi makoloni, kwa kawaida mbao hazikubeba tena chochote. Ukuta ulibebwa na mawe au matofali, na mbao zikabaki pambo la kumkumbusha mlowezi kwao. Husema moyoni, kila nipitapo pale, kwamba hoteli ya kifahari kuliko zote za enzi ile ilijivika sura ya nyumba ya udongo, wakati serikali yake ikiwahesabia wenyeji nyumba zao za udongo ili kuwatoza kodi.

Lakini sehemu ya jengo inayonihusu zaidi katika barua hii ni veranda ya mbele. Kiswahili kina neno la kale kwa nafasi iliyo kati ya nyumba na njia, nalo ni baraza. Baraza ya Lamu au ya Mji wa Kale wa Mombasa ni kibao cha mawe mbele ya mlango, mahali ambapo mwenye nyumba hukaa akasalimiwa na kila apitaye, na mpita njia aliyechoka huketi bila kuulizwa kabila wala kipato. Neno hilo limepanda kutoka Pwani likaenea bara, hadi tukapata baraza la chifu na baraza la mawaziri ambalo wewe mwenyewe ni mjumbe wake. Veranda ya Norfolk ilijengwa mahali pale pale, kati ya nyumba na njia, ila ilifanya kazi iliyo kinyume: aliyeketi aliwatazama waliopita, na Mwafrika aliyeikanyaga alikuwa amebeba sinia. Veranda hiyo ilikuja kupewa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Barabara kuu ya mji iliyokuwa na jina lake iliitwa Kenyatta Avenue baada ya uhuru na sanamu yake ikaondolewa. Jina lake verandani halikuguswa.

Ng'ambo ya veranda hiyo, mahali kilipo leo Kituo cha Polisi cha Central, palikuwa na kambi ya polisi. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ya koloni ilimkamata Harry Thuku, kijana wa Kiambu aliyekuwa mhudumu wa simu katika ofisi ya Hazina, na kumfungia katika kambi hiyo. Kosa lake lilikuwa kuzunguka akihutubia mikutano na kupeleka malalamiko kwa niaba ya chama alichokiongoza, East African Association: kipande, yaani cheti cha utambulisho kilichovaliwa shingoni, kodi iliyopandishwa huku walowezi wakikubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi, na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Siku ya pili yake maelfu ya watu walianza kukusanyika, wengi wao wafanyakazi wa mjini waliokuwa wamegoma. Tarehe 16 wajumbe wao waliingia kwa wakubwa wa serikali, wakarudi na maneno ya kuwasihi watu waende nyumbani, na baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga, Murang'a, alipojitokeza mbele, akaliinua vazi lake hadi juu ya mabega, akawaambia wanaume walichukue wampe yeye suruali zao kwa kuwa wameshindwa kuzivaa. Wagikuyu hulijua tendo hilo kwa jina la guturama, na hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri ambaye angebaki vile vile baada ya kutendewa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga kuelekea lango la kambi, na polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1970, mwaka ule ule aliofariki, Thuku alieleza kwamba walowezi waliokuwa verandani Norfolk walijiunga katika ufyatuaji huo, wakiwalenga watu waliokuwa wakikimbia. Thuku alikuwa ndani kizuizini, kwa hiyo alisimulia aliyoambiwa, na nakiri hilo waziwazi kwa kuwa mwalimu wa historia hapaswi kulificha. Lakini simulizi hiyo imerudiwa na wanahistoria waliolichunguza tukio hilo, na kwa wazee wengi wa Murang'a na Kiambu haikuhitaji kitabu. Baada ya hapo Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi, na ilipita karibu miaka tisa kabla hajarudi kwao.

Sasa naomba uniruhusu nikuwekee hesabu mbili, Mheshimiwa. Mwaka 1909 aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja kuwinda katika nchi hii kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na jina lake limekuwa fahari ya Norfolk tangu wakati huo. Yeye na mwanawe Kermit walipomaliza msafara waliwahesabu wanyama waliowaua: baba 296, mwana 216, jumla 512. Orodha imechapishwa, aina kwa aina, simba upande wake na swara upande wake. Ama watu waliouawa mbele ya hoteli ile ile miaka 13 baadaye, hesabu ya serikali ilisema 21, na Waafrika waliopata habari kutoka chumba cha maiti walitaja 56. Tofauti ni watu 35. Swara wana hesabu isiyopingwa, na hao 35 hatujakubaliana hata kama walikuwepo.

Simlaumu mwenye hoteli wa leo kwa mambo ya 1922. Hoteli imepitia mikono mingi tangu wakati huo. Abraham Block aliinunua 1927 na familia yake ikaikuza kwa miongo kadhaa. Pia imeonja msiba wake yenyewe, kwani usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1981, tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka pale na kuua karibu watu 20. Sehemu iliyobomoka ilijengwa upya. Jengo lililozikwa na kufufuliwa namna hiyo lina kila sababu ya kuelewa ninachokiomba.

Ninaomba jiwe. Lisimamishwe kando ya Barabara ya Harry Thuku, kwenye ardhi ya umma, mahali ambapo mtu akisimama anaona veranda upande mmoja na kituo cha polisi upande mwingine, maana umbali huo mfupi ndio maelezo yote. Liandikwe kwa Kiswahili, Kigikuyu na Kiingereza. Liwe na tarehe, jina la Muthoni Nyanjiru, na hesabu zote mbili, 21 na 56, bila kuamua kati yake, na chini yake pabaki nafasi ya majina ya wengine kadiri familia zitakavyojitokeza. Naomba pia ofisi yako iwaalike wasimamizi wa hoteli waingize siku hiyo katika historia wanayowasimulia wageni wao, mahali pale pale wanapomsimulia Roosevelt.

Vilevile naomba sura ya mbele ya jengo, pamoja na veranda, ilindwe isibadilishwe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakupa wewe, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa, uwezo wa kutangaza mahali au jengo kuwa mnara wa kitaifa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Wapo watakaoshangaa kwamba mtu anayelia juu ya 1922 anataka fahari ya walowezi ihifadhiwe. Ninaitaka kama hakimu anavyoutaka ushahidi. Veranda ikivunjwa na kujengwa ukumbi wa vioo, mwanafunzi wa kesho ataambiwa kuhusu risasi hizo na hataona zilikotoka.

Najua hoja moja itakayoletwa mezani kwako, kwamba Thuku wa baadaye alikuwa mtu mwingine, aliyeelewana na serikali ya koloni na kuzungumza redioni mwaka 1952 dhidi ya Mau Mau. Ni kweli. Lakini Thuku ana barabara tayari, na mimi siombi lolote kwa niaba yake. Waliokufa Machi 1922 hawakuishi hadi 1952 ili wabadilishe mawazo.

Wala hatuanzi jambo geni. Dedan Kimathi alipata sanamu yake mwaka 2007, hatua chache kutoka hoteli nyingine kongwe ya mji huu, na hakuna mgeni aliyekimbia. Mwaka 2015 mnara wa waliopigania uhuru na kuteswa ulizinduliwa Uhuru Park, na gharama yake ililipwa na serikali ya Uingereza. Waliouawa katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 wana bustani yenye majina yao katikati ya jiji, na wenye haraka zao hupunguza mwendo wanapoipita. Kwa hiyo mafundi wa kuchonga tunao, na ardhi inayohitajika haizidi upana wa mkeka.

Nikiitwa, nitafika ofisini kwako siku yoyote, na nitafurahi zaidi tukikutana pale pale barabarani, asubuhi, kabla magari hayajawa mengi, ili nikuonyeshe mahali ninapodhani jiwe lingekaa vizuri.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Nairobi.