Aliyebobea hafundishwi kwa kufungua ukurasa wa kwanza

Mhariri,

Hapa Kigoma, wanaotafuta mwalimu wa Kiingereza wa kukaa naye ana kwa ana si wanaoanza tu. Wapo mawakala wa forodha bandarini, waongoza watalii wa Gombe na watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, watu wanaoandika Kiingereza kila siku. Hao nao wanapewa kitabu cha sarufi kilekile, ukurasa kwa ukurasa. Baada ya wiki chache wanaacha, na wana haki.

Andalio la somo la mtu wa aina hii lianzie kinywani mwake. Kabla ya kipindi cha kwanza aulizwe anazungumza na nani, kuhusu nini, na wapi hukwama. Alete barua pepe au ripoti aliyoiandika mwenyewe, majina ya watu yakiwa yamefutwa. Katika kipindi cha saa moja, dakika 10 za mwanzo zitoke humo: vifungu 6 hadi 8 vya maneno yanayoandamana. Neno mojamoja halimfai. "Decision" analijua, ila hana hakika kama husemwa "do a decision" au "make a decision".

Dakika 15 zinazofuata azungumze yeye. Ajipange dakika 3, kisha aeleze tukio moja la kazini kwa dakika 4 huku simu ikirekodi, halafu aulizwe maswali. Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu: tunamkatiza kila anapoteleza, naye anaanza kuchagua sentensi fupi zisizo na hatari. Mwalimu anyamaze, aandike.

Dakika 20 ni za makosa, na yasizidi manne. Tuchukue sentensi hii: "Although the ship delayed, but we offloaded." Mna makosa mawili, yote yametoka kwetu. Kiswahili kinaruhusu "ingawa" na "lakini" zishikane mkono. Kiingereza hutaka moja tu. Tena meli kwetu "ilichelewa" yenyewe, kumbe kwao "was delayed". Mwanafunzi asikilize sauti yake na alitafute kosa mwenyewe kabla ya kuambiwa. Akishindwa, aambiwe liko kwenye kitenzi, basi. Kosa alilolifukua mwenyewe halimtoki upesi.

Matamshi yasisahauliwe. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "development" tunaikazia kwenye "lop", ilhali Mwingereza anaikazia "vel". Msikilizaji mgeni hupotea hapo kuliko kwenye sarufi. Vivyo hivyo "he" na "she": "yeye" wetu habagui, hivyo hata aliyebobea huchanganya akizungumza haraka. Hilo haliponi kwa kuelezwa kanuni, anaijua tayari. Linapona kwa kusimulia habari za mama na baba tena na tena.

Dakika 10 arudie simulizi ileile kwa dakika 3, kisha kwa 2. Muda ukibana, ulimi hufunguka na sahihisho hupata pa kukaa. Zinazobaki ni za kazi ya nyumbani: asikilize dakika 2 za rekodi yake na kuziandika neno kwa neno.

Karatasi ile ya makosa mwalimu asiitupe. Andalio la wiki ijayo liko humo.

Walimu wa masomo ya jioni,
Mwanga, Kigoma